Kadi Niliyoisogeza Lemon Gaba

Kazi hii niliipata kwa kuuliza maswali huku nimeshika sahani. Nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya Hai Amarat, hapa Juba, na kila mchana nilileta chakula katika ofisi yetu hii ya Thongpiny, ambayo wakati huo haikuwa yetu bali ya watu wenye njaa. Ukutani kwa Otieno, Mkenya mwenzangu aliyefanya hesabu za miradi ya maji, kulikuwa na mchoro wa mapaa saba yaliyopangwa mstari mmoja, kila paa likikanyaga mguu wa mwenzake. Nikamuuliza kama wanajenga nyumba.

"Hapana," akasema. "Hayo ni maneno."

Niliweka sahani chini. Wali ukapoa, na meneja wangu akanisubiri hotelini mpaka akachoka.

Niliacha shule darasa la sita, Busia. Watu wakisikia hivyo husema pole, karo. Karo ilikuwepo. Ni mimi niliyeshindwa kukaa dawati moja mwaka mzima. Nimeuza omena, nimesuka nywele Eldoret, nimepikia madereva wa malori pale mpakani Nimule mpaka lori moja likanileta Juba. Kila kazi niliihama mara tu nilipoielewa. Hii ya maneno sikuielewa upesi, ndiyo maana ninyi wenzangu mnaobaki ofisini mlinikuta bado nipo.

Otieno alinifundisha kwa pilipili. Mteja akikuomba pilipili "kiasi", unatia ngapi? Nikasema inategemea mteja. Akasema basi umeelewa nusu. Neno "kiasi" lina mahali linapoanza, mahali linapokolea, na mahali linapokwisha. Hizo ni namba tatu, na ukizichora unapata paa. Kabla "kiasi" halijakwisha, "kali" limeshaanza, ndiyo maana mapaa yanakanyagana. Mtu akisema neno, kompyuta inachukua paa zima, haichukui nukta. Inajumlisha mapaa ya watu wote kwa kila jambo linalopimwa, kisha inasema mahali gani pa kisima pamezidi pengine.

"Mama wa kijijini ukimlazimisha aseme sita nukta tano, atakudanganya ili uondoke," aliniambia. "Mwache aseme 'mbaya'. Mzigo wa hesabu tubebe sisi."

Niliona hiyo ni heshima kubwa, na mpaka leo naona hivyo. Wiki iliyofuata nilivua aproni.

Kadi walizopewa wajumbe wa mtaa kupimia mahali pa kisima zilikuwa saba: mbaya kabisa, mbaya, mbaya kiasi, wastani, nzuri kiasi, nzuri, nzuri kabisa. Kadi za kwanza zilikuwa za karatasi na mvua ya kwanza ilizila. Nikazifunika kwa nailoni na kuzifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Kwa wasiosoma nilitoboa matundu, tundu moja mpaka saba, maana kidole hakidanganyiki kama jicho. Nilijifunza kuwaambia wajumbe waweke kadi kifudifudi. Sultani wa mtaa, ndivyo chifu anavyoitwa huku, akiweka yake wazi kwanza, wengine wote watakuta wanafikiri kama yeye. Na msigawe soda kabla ya kadi. Mtu mwenye soda yako mkononi huona kila kitu ni nzuri kiasi.

Lakini kazi yangu hasa ilikuja baada ya kadi. Kompyuta ilikuwa na kizingiti cha makubaliano. Wajumbe wakitofautiana mno, inakataa kutoa jibu. Inataja jina la aliye mbali kuliko wote, inataja jambo alilopimia mbali, na inasema asogee upande gani. Hapo ndipo mimi nilipotumwa. Nilikwenda nyumbani kwa yule mtu, nikakaa naye, nikamwomba asogeze kadi yake hatua moja kuelekea wenzake. Raundi zilikuwa tatu. Ya tatu ikipita bila makubaliano, hapo tu ndipo kompyuta ilipofungua kisanduku cha kuandika sababu, faili likaenda kwa injinia, na mahali pakapimwa upya.

Nilikuwa hodari. Wenzangu walimaliza raundi zote tatu wakirudi na jasho tu. Mimi mara nyingi nilimaliza katika ya pili. Otieno aliniita Mama Makubaliano, na sikuchukia.

Siri yangu ilikuwa ndogo. Sikubishana na mtu. Nilikwenda kwa miguu, hata gari likiwepo nililiacha mbali. Nilikubali maji, nilikubali karanga, niliuliza habari za watoto mpaka zikaisha. Watu wa hapa, awe Mbari, mwenyeji wa tangu zamani, awe yule aliyerudi kutoka Uganda juzi, hawawezi kumwacha mgeni aliyetembea juani aondoke mikono mitupu. Na mimi nilikuwa nimekuja kuomba kitu kimoja tu. Adabu yao ndiyo iliyokuwa mlango wangu, nikaupitia miaka mingi bila kufuta miguu.

Lemon Gaba, mtaa wa pembezoni mwa Juba, tulikwenda kutafuta mahali pa kisima kimoja. Mahali palipopendekezwa palikuwa pawili: penye uwanja wa kanisa, na pengine kule mwisho wa mtaa, juu kidogo, penye mawe. Wajumbe walikuwa watano. Wanne, akiwemo sultani, walikuwa wamehamia pale miaka ya karibuni. Wa tano alikuwa mama mmoja mfupi, Keji, muuza karanga, aliyewekwa kwa sababu fomu ilidai mwanamke anayeteka maji kila siku.

Kwenye jambo la maji ya chini ya ardhi, wanne waliupa uwanja wa kanisa "nzuri". Keji aliweka mbaya kabisa. Raundi ya kwanza alikwenda mwenzangu, akarudi na jasho. Raundi ya pili nikaenda mimi.

Nilimkuta akimenya karanga mlangoni. Binti yake Poni alikuwa akitundika nguo, tumbo lake limeshakuwa kubwa.

"Kenya!" Keji akaniita, maana hakujishughulisha na jina langu. "Kompyuta yenu imekataa mimi tena?"

"Haijakukataa, mama. Inasema uko mbali na wenzako."

"Mbali wapi? Mimi iko hapa hapa. Wao ndio walikuja juzi."

Poni akacheka mpaka akashika kamba ya nguo. "Mwambie kompyuta ikuje yenyewe imeze karanga."

Nikacheka nao. Kisha nikamuuliza kwa nini mbaya kabisa.

"Wewe unaona kanisa hiyo?" akasema Keji. "Kabla ya kanisa ilikuwa mahema. Watu walikimbia vita, wakakaa hapo, wengi, wengi. Na mahali ya kisima yenu ndiyo ilikuwa vyoo. Walichimba mashimo, ikijaa wanafunika, wanachimba ingine. Mimi nilikuwa hapa, pua yangu ilikuwa hapa. Mvua ikikuja, hiyo vitu ya chini inaamka."

"Injinia amepima, mama. Maji ni safi."

"Alipima lini?"

"Wiki iliyopita."

"Kiangazi," akasema. "Kiangazi hata mwizi anaonekana mtu mzuri."

Nilipaswa kusimama pale na kurudi ofisini kusema amekataa. Raundi ya tatu ingepita, kisanduku kingefunguka, ile habari ya vyoo ingeandikwa na mtu angekuja kupima wakati wa mvua. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini mashine ya kuchimbia ilikuwa inaondoka Alhamisi kwenda mtaa mwingine, na isingerudi mpaka mwaka unaofuata. Nilimwambia hivyo. Haikuwa uongo. Nilimwambia wenzake watakosa kisima kwa sababu ya kadi moja, na hiyo pia haikuwa uongo. Nilimwambia simwombi aseme ni pazuri. Atoke tu kwenye mbaya kabisa aje kwenye mbaya. Hatua moja.

Alimenya karanga kadhaa. Kisha akatazama viatu vyangu.

"Umekuja na mguu?"

"Ndiyo."

"Na jua hii! Poni, lete maji." Nilikunywa. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua zile kadi, akahesabu matundu kwa kidole gumba, akanipa ile ya matundu mawili. Alinipa kama mtu anavyomjazia mgeni karanga mfukoni. "Chukua. Usirudi mikono mitupu. Lakini wewe andika ile maneno ya choo."

"Nitaandika, mama."

Huo ndio ulikuwa uongo, ingawa nilipokuwa nausema sikujua. Nilimweleza Otieno kila kitu. Akasema kisanduku cha sababu kikifunguka niandike humo. Nikaingiza kadi mpya kwanza, kwa haraka ya Alhamisi, na makubaliano yakavuka kizingiti kwa unywele. Kisanduku hakikufunguka. Hakikuwa na haja. Watu walikuwa wamekubaliana.

"Nimwambie injinia kwa mdomo?" nikauliza.

"Mwambie," akasema Otieno. Nilimwambia injinia huku anapanda gari. Akaniuliza kama kadi zimefungwa. Nikasema zimefungwa. Akasema basi.

Kisima kilizinduliwa kwa ngoma. Sultani alisimama na kusema hata Keji mpinzani amekubali, watu wakapiga makofi, na Keji akacheka na kufunika mdomo. Kwa miezi michache yale maji yalikuwa baraka, sitaki kuwaficha. Wanawake waliacha kununua maji ya malori. Poni alijifungua.

Kisha mvua zikaja.

Sitaandika yote. Mlioko kwenye idara ya afya mnajua kuharisha kunavyomaliza nyumba, nami si mtu wa kueleza harufu kwa watu walioinusa. Tulipofika na dawa za maji na mahema ya matibabu, wengi walikuwa wameshaanza kuugua, na watatu walikuwa wamekufa. Wa tatu alikuwa Poni. Mtoto wake alibaki. Walipopima tena, maji hayakuwa maji. Wakafunga mnyororo kwenye mpini wa kisima.

Watu wakikosa wa kumlaumu aliye mbali, humtafuta wa karibu. Baada ya mazishi sultani alitoa karatasi yetu, ile yenye majina matano na alama tano za vidole gumba, na chini yake imeandikwa kwamba wajumbe walifikia makubaliano. Ile kadi ya kwanza ya Keji haikuonekana popote. Kompyuta ilihifadhi ya mwisho tu. Ya mwisho inaifuta ya kwanza. Mwanamke mmoja, jirani yake, akamuuliza mbele ya watu: "Keji, wewe peke yako ulijua vyoo viko hapo. Ulikuwa unatuambia wakati wa kiangazi. Kisha ukaweka kidole. Walikupa nini?"

Nilikuwepo, nimesimama karibu na gari letu. Keji alinitazama. Aligeuza kichwa taratibu akanitafuta katikati ya watu mpaka akaniona, akanisubiri. Mimi nikatazama ile karatasi mikononi mwa sultani kana kwamba sijawahi kuiona.

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita sita. Siiti hiyo sababu. Naieleza tu kwa sababu nanyi mikataba yenu ni ya miezi sita.

Garini Otieno aliniambia, "Usiongee, Nafula. Ripoti imefungwa." Hakulala vizuri tangu siku hiyo, najua kwa sababu alianza kufika ofisini kabla ya mlinzi. Alikaa mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka huo aliibadilisha programu bila kumwomba mtu ruhusa. Kisanduku cha sababu mnachokiona leo, kinachofunguka tangu kadi ya kwanza, na ile orodha inayoweka kadi zote bila kufuta hata moja, ni kazi ya mikono yake. Kisha akarudi kwao Kisumu. Nimesikia anafuga samaki. Samaki hawakubaliani na mtu.

Mimi nilibaki. Nilipotumwa kusogeza kadi, nilikwenda, nikanywa maji, nikaongea habari za watoto, nikarudi na kuandika: amekataa. Mara nyingi sikuwa nimeuliza. Viongozi walisema Mama Makubaliano amezeeka. Faili nyingi zilikwenda kwa injinia, mengi yalichelewa, na kuna mtaa mmoja uliokosa kisima kabisa kwa ajili ya utaratibu wangu huo. Kwa hiyo msinichukue kama mtu aliyejirekebisha. Nilitoka kosa moja nikahamia jingine, kama nilivyozoea kuhama.

Lemon Gaba sikurudi. Habari zilinifikia kupitia madereva. Keji alikuwa bado anauza karanga, lakini akiuzia watu wa barabarani, si wa mtaa. Wanawake walikuwa hawamwiti kwenye misiba. Alikuwa anamlea mtoto wa Poni peke yake. Walipotaka kumtaja walisema yule wa kidole.

Wiki yangu ya mwisho, mkiwa mnapanga keki, niliomba gari. Dereva akauliza tunakwenda kupima nini. Nikasema hatupimi kitu. Karibu na daraja ndipo nilipozoea kushuka nitembee. Safari hii sikushuka. Nilitaka wanione nikifika na gari la ofisi, nikiwa na kitambulisho shingoni.

Sultani ni yule yule. Aliwakusanya watu asubuhi chini ya turubai la kanisa, wanawake kwenye mikeka, na nikamwomba amwite na Keji.

"Mama Nafula," akaninong'oneza, "mambo ya zamani. Watu wameshasahau."

"Wamesahau nini?" nikamuuliza. Akamtuma mtu.

Keji alikuja na kusimama nje ya turubai, juani, mtoto akiwa amemshika kanga. Nikaanza kuongea. Nilikuwa nimejiandaa siku tatu na bado maneno yalitoka kiofisi. Nilisema kwamba katika zoezi la kuchagua mahali pa kisima, mjumbe mmoja alitoa tahadhari kuhusu maji ya chini, na kwamba tahadhari ile haikuingizwa kwenye ripoti kutokana na taratibu za...

"Mjumbe gani?" Sauti ya Keji ilitoka nyuma.

Nikageuka kumtafuta.

"Wewe Kenya, mimi nauliza. Mjumbe gani? Yeye haina jina?"

"Keji," nikasema. "Keji aliweka mbaya kabisa. Alisema palikuwa na vyoo. Aliniambia niandike na sikuandika."

"Na ile ingine, ya matundu mbili. Nani alimwomba?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Nafula. Mimi Nafula nilikuja kwake mara moja nikamwomba, akanipa. Hakupewa kitu. Ni yeye aliyenipa mimi maji."

Yule jirani aliyeuliza siku ya mazishi alikuwa amekaa mkeka wa mbele, akitazama mikono yake. "Yesu wangu," akasema polepole. Kisha akanigeukia. "Na siku ile ulikuwa hapa. Nilikuona. Ulikuwa kwenye gari yenu."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Halafu akakusanya kanga yake, akasogea pembeni mpaka pakawa na nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka, akaipapasa kwa kiganja. "Keji," akasema. "Dada. Njoo kaa."

Wengine nao wakaanza kuita. Dada, njoo. Malesh, samahani, Keji, njoo. Sultani akakohoa, akasema ndiyo, ndiyo, aje akae.

Keji aliitazama ile nafasi. Alimtazama kila mwanamke aliyekuwa kwenye mkeka, mmoja mmoja, bila haraka. Mimi hakunitazama. Kisha akamnyanyua mtoto wa Poni, akamweka mgongoni, akafunga kanga, akarudi nyumbani kwake.